Kabla ya kuuza nyumba, fuata kidole cha mnunuzi

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya kikundi chetu cha akiba, katika ukumbi wa parokia moja ya Katuba, hapa Lubumbashi, Jumapili ya mwisho ya Septemba. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Jambo yenu, bapapa na bamama. Jambo na kwenu vijana mliojibanza kule mlangoni. Viti vya mbele vipo, lakini najua siku ya hotuba viti vya mbele huwa na miiba.

Mama mwenyekiti aliponipigia simu alisema hivi: "Papa, wewe ni mwashi. Kuna watu kwenye kikundi wanataka kuuza nyumba. Njoo utuambie tuanze na karo, vigae vya sakafu, au tuanze na dari." Nilicheka peke yangu. Swali hilohilo ndilo lililokula dola zangu. Kazi ya mwiko naifanya huu mwaka wa 26. Nimejenga, nimebomoa, nimeziba nyufa za watu kuanzia Ruashi mpaka Golf, na bado siku ya kuuza nyumba ya baba yangu mzazi nilikosea kama mtu asiyewahi kushika tofali. Nianzie hapo, mjue kwamba ushauri huu nimeulipia.

Nyumba ya marehemu ilikuwa Kamalondo, mwendo mfupi tu kutoka uwanja wa Mazembe. Siku ya mechi husikii redio yako mwenyewe. Vyumba 4, matofali ya kuchoma, mabati yaliyokwisha kugeuka rangi ya kutu, baraza mbele, mwembe nyuma. Tulikuwa watoto 5, kila mmoja na familia yake, tukakubaliana tuuze tugawane. Dada yetu mkubwa akasema hakuna mtu mwenye heshima atakayenunua nyumba yenye sakafu ya saruji iliyopasuka. Tukaitikia wote. Nani angembishia dada mkubwa? Tukachangishana dola 3,400. Tukaweka karo sebuleni na katika vyumba 2, madirisha ya alumini upande wa barabara, na dari ya plasta yenye ua katikati pale panaponing'inia taa. Kazi niliifanya mimi, kwa hiyo hesabu hiyo ni ya vifaa na vijana wawili wa kunisaidia. Zile karo nilizipanga kwa uzi, mstari baada ya mstari, nikapiga magoti mpaka yakavimba.

Mnunuzi akaja na komisionere wake, dalali. Mtu wa biashara, kiatu safi, simu mbili. Alipita sebuleni kama mtu anayevuka barabara, hakutazama chini wala juu, akatokea uani. Akauliza: lupango huu, yaani kiwanja, upana wake upande wa barabara ni mita ngapi? Akauliza tena: sertifika, cheti cha ardhi, iko kwa jina la nani? Nikamwambia, patron, njoo basi uone dari. Akajibu, "Ndiyo, papa, ndiyo," macho yake yakiwa kwenye geti. Bei aliyotoa ni ileile aliyopata jirani yetu mwaka uliotangulia, kwa nyumba ambayo milango yenyewe ilikuwa imekwisha kung'olewa.

Wiki 6 baadaye nilipita pale na baiskeli. Vijana walikuwa juu ya kuta na nyundo. Karo zangu zilikuwa chungu kimoja kando ya mtaro, na mtoto mmoja alikuwa amechuchumaa anachagua vipande vizima vya kupeleka kwao. Sikushuka. Leo pale pana ghorofa, chini maduka.

Sisi tulikuwa tunauza ardhi, tukakarabati nyumba. Kosa lenyewe ndilo hilo, na ndilo ninaloliona kila siku katika mji huu. Mtu hajajua bado anauza nini, tayari ameshaagiza saruji.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza karo au dari, tembea kwenye avenyu yako. Tafuta nyumba 3 zilizouzwa karibuni. Ziko wapi? Zimesimama, watu wamehamia, pazia liko dirishani? Basi kwenu watu wananunua nyumba. Zimebomolewa, pamechimbwa msingi mpya? Basi kwenu watu wananunua mita za mraba, na msumari utakaopigilia leo utang'olewa na mwenzako kesho. Kamalondo iko hivyo sehemu kubwa, komini yetu ya Kenya pia ukikaribia soko, na barabara yoyote ya lami ambako mfanyabiashara anaota duka. Ukiwa huko weka pesa kwenye makaratasi na kwenye mawe ya mpaka, ukae utulie. Makaratasi nitayarudia.

Lakini wengi wenu hapa ni wa Katuba ndani, wengine Ruashi, wengine Kampemba. Huko anayenunua ni baba mwenye mke na watoto, anataka kulala humo mwezi ujao. Huyo sasa nyumba anaiangalia. Anaangaliaje? Ngoja niwaambie, maana mara nyingi makomisionere huniita nimsindikize mteja, nimgongee kuta kabla hajatoa pesa. Nimeyaona mengi upande ule wa pili wa meza.

Mnunuzi anaingia, anasalimia, anasifia mwembe. Kisha kidole kinaanza kazi. Kinapanda kwenye dari: "Hapa palivuja?" Kinashuka chini ya ukuta: "Hii unyevu inatoka wapi?" Kinagonga fremu ya mlango. Kinabonyeza swichi. Kinasukuma mlango wa choo. Kila kidole kinapoinuka, bei inashuka, na sikilizeni vizuri hapa: haishuki kwa gharama ya kutengeneza. Inashuka kwa ukubwa wa hofu. Doa la maji juu ya dari, mimi naweza kulimaliza kwa dola 25, misumari na lami na kijana wa kupanda ngazi. Mnunuzi hajui hilo. Yeye haoni doa. Anaona paa zima limeoza, anaona mkewe anahamisha godoro usiku wa Januari. Anakuondolea dola 800, na moyoni anajiona amekuhurumia.

Faida yote ya kukarabati kabla ya kuuza iko pale, kati ya zile 25 na zile 800. Uzuri hauna pengo kama hilo. Karo ya dola 900 mnunuzi ataisifu, kisha kichwani ataiandika 300, kwa sababu mama wa nyumbani kwake anataka rangi nyingine. Hofu ya mtu ni ghali kuliko furaha yake. Kwa hiyo pesa kidogo uliyo nayo iende pale kidole kinapokwenda, na iishie hapo.

Tuanze juu, kwenye paa, nami nitakaa hapo kidogo, mnivumilie. Tuko mwisho wa kiangazi. Mvua zitashika Novemba na kuendelea mpaka Aprili. Watu wajanja hukimbilia kuuza sasa, bati lingali kavu, halisemi siri yake. Lakini wanunuzi nao wamekuwa wajanja. Nimemsindikiza mzee mmoja aliyependa nyumba mwezi Agosti, akasema nitarudi mvua ya kwanza. Na alirudi, na mwavuli, akasimama katikati ya sebule kama askari wa zamu.

Fanya hivi. Saa 6 mchana, jua likiwa juu kabisa, panda ndani ya dari, au kama huna dari ingia chumbani, funga madirisha na mlango, ngoja macho yazoee giza. Tazama juu. Utaona nyota. Kila nyota ni tundu. Chukua makala, yaani kipande cha mkaa, weka alama kwenye mbao iliyo karibu. Utashangaa, karibu nyota zote ziko penye msumari, si katikati ya bati. Kile kipira kidogo chini ya kichwa cha msumari kimekaushwa na jua, kimepasuka, maji yanashuka na msumari taratibu kama mtu anayeteremka ngazi. Watu wanabadilisha paa zima wakati ugonjwa ni misumari 40. Toa ya zamani, weka minene kidogo yenye vipira vipya, paka lami. Bati lenyewe likiwa limeliwa na kutu mpaka kidole kinapenya, hapo badilisha hilo bati, na usiweke bati la BG 32, lile jembamba, likijikunja pembeni ya wenzake wa zamani walio wanene. Mnunuzi akipanda ngazi ataona ulikuwa na haraka. Na wale wenye nyumba za zamani zilizoezekwa mabamba ya saruji yenye asbesto, tafadhali, msikate, msivunje, msisugue kwa brashi ya chuma. Vumbi lake ni sumu ya mapafu. Zikikaa nzima ziacheni zikae.

Jambo moja kuhusu doa. Usipake rangi juu ya doa peke yake. Kiraka cheupe kwenye dari ya kijivu kinapiga kelele kuliko doa lenyewe. Doa linasema "palivuja". Kiraka kipya kinasema "palivuja, na mwenye nyumba hataki ujue". Ziba tundu kwanza, ngoja dari ikauke, kisha paka dari nzima ya chumba hicho. Na mnunuzi akiuliza, mwambie: palivuja, tumetengeneza, panda uone misumari. Ukweli wa namna hiyo unauza.

Sasa shuka chini. Mnajua udongo wetu. Mvua ikipiga ua usio na saruji, matone yanaruka na wekundu wake, yanachora ukuta mpaka kimo cha goti. Kila nyumba ya Katuba imevaa soksi nyekundu. Watu wanapaka ukuta mweupe mpaka chini, na baada ya mvua 2 soksi zimerudi. Wazee waliotufundisha kazi walikuwa na akili: mita moja ya chini walipaka rangi ya mafuta, kahawia au kijivu, juu ndipo rangi nyepesi. Inaficha matope na inafutika kwa kitambaa. Rangi hiyo ya chini, na mkanda wa saruji wa upana wa hatua moja kuzunguka nyumba, wenye mteremko wa kusukuma maji nje, ni kazi ya siku 4. Katika kazi zote ninazofanya kwa watu wanaouza, hiyo ndiyo ninayoona inarudi haraka. Inaondoa unyevu, inaondoa soksi, na nyumba inaonekana imenyooka.

Nyufa. Kuna ufa wa plasta, mwembamba kama unywele, hautishi. Sugua, ziba, paka. Kuna ufa unaoanza kwenye kona ya dirisha ukapanda kama ngazi, tofali kwa tofali. Huo mara nyingi unasema juu ya dirisha hakuna mkanda wa zege, au msingi umekaa kwenye kichuguu kilichosawazishwa vibaya. Na hapa nusu ya mji imejengwa kwa vichuguu: udongo wa kichuguu ndio tofali letu, na pale kilipokuwa ndipo mtu anaweka nyumba. Ufa wa namna hiyo usiufunike. Ukiweza, ufungue, weka mkanda. Usipoweza, uache wazi, ukubali bei ishuke. Kuna fundi atakayekuambia anaujaza kwa dola 30 hautaonekana. Kweli hautaonekana, mpaka mteja aje na mtu kama mimi, nitoe ufunguo mfukoni nianze kugonga. Sauti ya plasta iliyojazwa haifanani na sauti ya ukuta.

Na mchwa, maana tukitaja kichuguu mwenyewe hakosi kuja. Bonyeza fremu za milango chini kabisa, kwa bisibisi. Ikiingia kama kwenye mkate, badilisha fremu hiyo. Fremu moja iliyoliwa inamfanya mnunuzi aanze kuwaza mbao zote za paa. Mnaona tunarudi kwenye hofu ileile.

Sasa jiko. Najua, bamama, mlikuwa mnalisubiri. Mmeona kwenye simu zile video za Wamarekani, wanavunja jiko, wanaweka meza ya jiwe katikati, nyumba inauzwa watu wanalia kwa furaha. Kule kwao kuna ripoti ya kila mwaka inayolinganisha gharama za ukarabati na kinachorudi mtu akiuza. Ya mwaka 2024 inasema aliyevunja jiko lote na kujenga la kifahari hakurudishiwa hata nusu ya pesa yake. Huko huko Marekani! Kilichoshika nafasi ya kwanza kilikuwa ni mlango wa gareji. Aliyebadilisha huo alihesabiwa kurudishiwa karibu mara mbili.

Hapa kwetu hatuna gareji, wengi wetu hatuna hata gari, lakini geti tunalo. Mteja anasimama getini dakika 5 akisubiri mtu aje na ufunguo. Katika dakika hizo ameshaijua nyumba yako. Geti limeinama, linakwaruza chini, kufuli limefungwa kwa waya: ndani mtamshawishi kwa shida. Mchomeleaji anainua bawaba, unasugua kutu, unapaka rangi, dola 40 mpaka 60. Kwa jiko, mimi ningeacha makabati ya ndani. Umeme ukikatika kila mtu anarudi kwenye mbabula, jiko la makala, na mbabula hukaa nje. Kibanda cha kupikia nyuma ya nyumba, bati 4, sakafu ya saruji inayofagiliwa, mahali pa kuweka ndoo: mama anayekuja na mumewe kuangalia nyumba atasimama hapo muda mrefu kuliko sebuleni. Nimewaona. Baba anauliza bei, mama anapima kwa macho jua la saa 10 litampiga wapi akiwa anapika.

Choo vilevile. Hahitaji choo cha hoteli. Anataka mlango unaofunga, harufu isiyotoka, maji yanayoondoka. Kama shimo limejaa, lifyonzwe kabla ya kumleta mtu yeyote. Na kama kisima chako kiko hatua chache kutoka shimo la choo, usitumie hata senti kukipamba, kwa sababu mteja mwenye akili ataona umbali huo kabla hajaona ndoo mpya.

Kuhusu kuchimba kisima kirefu cha mashine, nimeulizwa sana. Ni dola elfu kadhaa. Golf, mnunuzi anakitegemea kiwepo tayari. Katuba, penye bomba linalotoa maji hata kwa zamu, pesa hiyo hairudi. Komini ya Annexe, kwenye mitaa mipya ambayo bomba halijafika, mimi nasema ongea kwanza na majirani 2 au 3. Wakati mwingine maji ya pamoja yanapandisha bei ya avenyu nzima, na gharama mnagawana.

Rangi nitaipitisha haraka. Krimu au nyeupe ndani, basi. Kuna mtu, simtaji, yuko ndani ya ukumbi huu na anacheka sasa hivi, aliyepaka sebule bluu na njano kwa ajili ya Lupopo. Papa, nyumba ni yako, na timu ni yako. Lakini umeshafukuza nusu ya wateja wa mji huu kabla hawajauliza bei, na nusu iliyobaki itakuomba punguzo la udugu.

Mwembe usiukate. Kivuli hakina bei kwa fundi yeyote.

Kile chumba cha nyuma ulichokianza mwaka juzi, kuta zimefika kwenye madirisha, vyuma vimetokeza juu vina kutu: usikimalize ili uuze. Utaweka bati, milango, madirisha, pesa itakimbia. Safisha ndani yake, toa nyasi na matofali yaliyovunjika, mwachie mnunuzi ndoto yake. Watu wanapenda kununua mahali pa kuendelea. Ila kama ndani yake kuna mpangaji tayari, hiyo ni habari nyingine. Zungumza naye mapema, mjue garanti, pesa ya dhamana aliyoweka, nani atairudisha, maana mteja akikuta mgogoro wa mpangaji anarudi kwenye gari.

Sasa makaratasi, nilisema nitayarudia. Nayaita ukarabati, na watu wananicheka. Lakini ni wapi kidole cha mnunuzi kinakaa muda mrefu zaidi? Kwenye jina lililoandikwa juu ya karatasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi tuna haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na cheti cha usajili, sertifika. Wengi hapa mna kitabu cha lojeri tu, au fishi ya lupango, karatasi zisizofikia sertifika, mnalala usingizi. Ni kitu, si bure, lakini mnunuzi anayejua atakutolea bei ya mtu mwenye kitabu, siyo ya mtu mwenye sertifika. Na mwenye sertifika aangalie tarehe: konsesyo ya kawaida ina mwisho, miaka 25, inaweza kuongezwa, ila mtu lazima aende aombe. Kuuza haki iliyobakiza miezi ni kama kuuza mandazi ya jana.

Kama jina ni la marehemu, kama lilivyokuwa letu, kazi ni kubwa zaidi. Watoto wote ni warithi, aliye Kolwezi na aliye Ulaya, na mama aliyebaki ana haki zake. Kaeni kikao cha familia, apatikane likidatere, msimamizi wa mirathi, anayetambuliwa na mahakama, jina lihamishwe. Inachukua miezi, inachukua pesa. Sisi tulikuwa na bahati, dada mkubwa alilishughulikia hilo mapema, na nakiri mbele yenu: pesa alizotumia yeye kwenye karatasi ndizo pekee zilizorudi katika nyumba ile. Mimi na magoti yangu tulipata hasara.

Lipeni pia madeni ya nyumba kabla, bili za umeme za SNEL, za maji za REGIDESO, kodi ya lupango, mshike risiti mkononi. Na tafuteni mawe ya mpaka. Mengi yamefunikwa na udongo na takataka. Chimba kidogo, yaoshe, yapake chokaa. Hapo umetumia sufuria moja ya chokaa, na mteja ataona mwenyewe kwamba hakuna jirani atakayemsumbua. Kama jirani ameshaingia nusu mita, bora mkae mzungumze leo kwa soda 2 kuliko mnunuzi akute mabishano.

Neno juu ya kukopa. Msikope kwa riba ya mtaani ili mkarabati. Nyumba haiuzwi siku unayotaka wewe. Riba inatembea, mteja hatembei. Mtu asiye na pesa kabisa afagie, aondoe vitu nusu ya vilivyomo ndani, afungue madirisha, aseme ukweli kuhusu paa, apunguze bei mwenyewe kidogo kabla hajapunguziwa. Inawezekana. Nimeona nyumba ya namna hiyo ikiuzwa ndani ya mwezi, wakati ya jirani yenye karo inaota nyasi.

Naona mama mmoja ameinua mkono tangu nilipotaja misumari. Ndiyo, mama, sema.

Anasema ana dola 600. Nyumba ya vyumba 3, hapa hapa Katuba, mtu amenunua ya jirani na amehamia na watoto. Dari ya chumba cha watoto imeshuka katikati kama tumbo. Geti halifungi. Sertifika iko kwa jina lake mwenyewe, iko sawa. Na mwanawe anasema zile 600 ziende kwenye karo za sebule.

Mama, mwanao ana umri gani? 24. Basi tumsamehe, mimi nilikuwa na 40 na kitu nilipofanya hivyo. Sikiliza. Sertifika ikiwa sawa, umeshashinda nusu. Dari iliyoshuka inataka tujue kwanza kilichoishusha. Kama ni maji ya misumari, tunaziba juu, tunabadilisha vipande 2 au 3 vya dari, tunapaka chumba chote. Geti, mchomeleaji. Mkanda wa saruji kuzunguka nyumba, na rangi ya chini. Kwa hesabu ya kichwani tuko kwenye dola 400, labda 450. Zinazobaki usiziguse, zitakulipia usafiri na siku za kungoja. Lakini kama ni mbao za paa zilizoliwa na mchwa, hesabu hiyo yote naifuta, na tunazungumza upya.

Kesho saa 6 mchana nitapita na ngazi. Mwambie kijana anisubiri, tutaingia pamoja kwenye dari tutazame nyota. Na kopo la rangi lisifunguliwe kabla sijafika.